Kimo cha Maji na Kimo cha Msingi

Katika mtaa mmoja wa mji wa Kilosa, si mbali na mto Mkondoa, upo ukuta wa nyumba ya zamani ambao mwenyewe hajaupaka chokaa tangu mwanzo wa mwaka 2010, si kwa uhaba wa chokaa wala kwa uvivu wa mikono, bali kwa sababu juu ya ukuta huo, usawa wa kifua cha mtu mzima, umekaa mstari wa rangi ya tope, ulionyooka kana kwamba fundi mwashi aliupiga kwa uzi, na mstari huo ni alama iliyoachwa na maji ya gharika siku yalipofika hapo, yakatua, kisha yakaondoka yakiwa yamechukua magunia, magodoro na vyombo. Nilimwamkia mzee mwenye nyumba, naye alipokwisha kuniitikia nikamwuliza kwa nini ameuacha mstari ule ilhali kuta nyingine zote zimekwisha kupakwa upya. Aliupapasa kwa kiganja kama mtu apapasaye kovu lake mwenyewe, akasema: "Mwanangu, nikiufuta huu, wajukuu watajenga chini yake."

Nimelifikiri neno hilo kwa muda mrefu, na kila nilifikiripo naona kuwa ndani yake mna elimu ambayo sisi tunaojenga Kilosa, Mikumi, Dumila, Kimamba na Magole tunaihitaji kuliko nyingine yoyote, na ambayo aghalabu hatuijali mpaka siku tunapokesha juu ya paa, watoto mikononi, tukitazama sufuria zetu zikielea uani. Elimu yenyewe ni hii: kabla ya mtu kuuliza nyumba yake itakuwa na vyumba vingapi, au bati lake litakuwa la rangi gani, sharti aulize maji yalifika kimo gani mahali pale na yatapita wapi siku yatakaporudi, kwa kuwa nyumba haianzi kwa tofali la kwanza, huanza kwa kiwanja, na kiwanja kisichotayarishwa kwa mvua kubwa na upepo mkali ni deni ambalo mwenye nyumba amelichukua bila kujua, na ambalo mto hulidai lote kwa usiku mmoja.

Wala mambo haya si mageni katika nchi yetu. Mkondoa, mto ambao sikio la Mswahili haliachi kusikia neno mkondo ndani ya jina lake, hukusanya maji kutoka pande za Dodoma na Mpwapwa, nchi kavu ambayo mvua yake ni haba lakini ikinyesha hunyesha kwa ghadhabu, huyapitisha katika korongo la milima kati ya Gulwe, Kidete na Munisagara, kisha huyamwaga Kilosa, mahali milima ikomapo na tambarare ianzapo, kabla ya kuyapeleka mbuga za Mkata na hatimaye mto Wami. Wenye misafara ya zamani walilijua bonde hili na walilihofu. Henry Morton Stanley, aliyepita huku mwaka 1871 akimtafuta Livingstone na kurejea kwa njia hiyo mwaka 1872, alizikuta mbuga za Mkata zimegeuka ziwa, na huko Simbamwene, jirani na ulipo mji wa Morogoro hivi leo, alikuta maji yamechukua sehemu ya ukuta wa mji pamoja na nyumba nyingi. Mwezi Aprili wa mwaka huohuo wa 1872 ndipo tufani ilipoipiga Unguja, zama za Sayyid Barghash, ikang'oa mikarafuu na minazi mashamba kwa mashamba. Tufani nyingine ikaipiga Lindi Aprili 1952. Na ile iliyopewa jina la Hidaya ikatufikia Mei 2024. Basi pwani na bara zimekuwa zikisomeshwa darasa moja, kizazi baada ya kizazi, nasi kila mara tumelisahau darasa hilo pindi jua lilipowaka.

Msiba unaokumbukwa zaidi na watu wazima wa Kilosa ni ule wa mwisho wa Desemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010, wakati Mkondoa ulipolivunja tuta lake na kuingia mjini, watu zaidi ya 20,000 wakaathirika, maelfu wakahamia katika mahema, na reli ya kati ikaharibika baina ya Kilosa na Gulwe hata safari za treni zikasimama kwa miezi. Januari 2014, upande wa kaskazini wa wilaya hiyohiyo ya Kilosa, maji yakazikumba Dumila na Magole, yakaikata njia penye daraja la Dumila, na barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma ikafungika. Siyataji haya kwa kupenda kuhesabu misiba. Nayataja kwa sababu viwanja vilevile vilivyosombwa wakati ule vimejengwa tena, na baadhi yake vimejengwa kwa msingi wa kimo kilekile, na mwenye kupita hapo wakati wa kiangazi haoni chochote cha kumwonya.

Iko ibra nyingine hapohapo Kilosa, nayo imeandikwa kwa chuma na mawe. Wajerumani walipoijenga reli ya kati, ambayo ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, waliipitisha katika bonde la Mkondoa, kwa kuwa bonde ndiyo njia nyepesi ya kupenya milima. Na tangu hapo mto umekuwa ukila tuta la reli, mafundi wakilirudisha, nao ukilila tena, hata wataalamu wa Japani wakaitwa kulipima bonde hilo na kushauri namna ya kuihifadhi reli. Lakini reli ya kisasa, ile iliyoanza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, imepenyezwa ndani ya milima ya Kilosa kwa mahandaki, na refu kuliko yote lina urefu wa zaidi ya kilomita moja. Aliyejenga reli, baada ya kuadhibiwa kwa zaidi ya miaka mia moja, amejifunza kumpisha mwenye njia. Mwenye nyumba hana fedha ya kutoboa mlima, lakini somo ni lake pia, na kwake huja kwa gharama ndogo mno, madhali akubali kulipokea kabla ya kuchimba msingi.

Ili tujue cha kufanya hatuna budi kujua mto unavyofanya kazi, kwa sababu wengi wetu tunaudhania kuwa mfereji uliokaa mahali pamoja, ilhali Mkondoa ni mto unaobeba mchanga kama unavyobeba maji. Milima inapokatwa miti kwa mkaa, kwa mashamba ya kwenye miteremko na kwa kuni za tanuri za matofali, mvua huipiga ardhi iliyo uchi, huichukua, na kuishusha. Na maji yafikapo tambarare hupunguza mbio, hulegeza mkono, huuacha mchanga. Hivyo kitako cha mto hupanda mwaka hadi mwaka, na tuta lililokuwa refu zamani za wazee wetu huwa fupi kwetu bila kupunguzwa hata tofali moja, kwa sababu tu mto umeinuka chini yake. Hii ndiyo sababu mtu aliyenunua kiwanja kwa kuambiwa kwamba maji hayajawahi kufika hapo katika uhai wa baba yake huenda ameambiwa kweli tupu, na hata hivyo amedanganyika. Hii pia ndiyo sababu habari ya Bwawa la Kidete, lililoko huko juu, ambalo ukarabati wake umesemwa mara nyingi bungeni, inawahusu wenye nyumba wa Kilosa mjini kama inavyowahusu wakazi wa Kidete wenyewe.

Tunajenga wakati gani? Tunajenga kiangazi, na tuna sababu njema, kwa kuwa mavuno yamepatikana, fedha ipo, njia za malori zinapitika, na tofali hukauka. Lakini kiangazi ni shahidi mbaya wa habari za mto. Mwezi wa Agosti Mkondoa huwa uzi wa maji katikati ya mchanga mpana, watoto huuvuka bila kukunja kaptura, na dalali wa viwanja husimama ukingoni akanyoosha mkono kuonyesha jinsi mto ulivyo mbali. Mnunuzi hupima umbali kwa macho, huridhika, hutoa fedha.

Na hapo ndipo penye kosa letu kubwa, ambalo hata sheria zetu zimeligusa kwa upande mmoja tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeitambua ardhi ya hatari isiyofaa kukaliwa. Ni sheria njema, na laiti zingefuatwa, roho nyingi zingesalimika. Lakini sheria hupima kwa kamba iliyolazwa ardhini, na maji hupima kwa kimo. Nyumba iliyo mita 50 kutoka mtoni juu ya kilima yaweza kukaa miaka mia isilowe, na nyumba iliyo mita 600 katika bonde tambarare yaweza kuzama mpaka madirishani. Kwa hiyo mtu aliyezihesabu mita zake 60 na kuona ametimiza wajibu, asipouliza habari ya kimo, amejibu nusu ya swali, na nusu iliyobaki itajibiwa na mvua.

Namna ya kuijibu nusu hiyo niliiona Mikumi, mikononi mwa fundi ambaye hakusoma chuo chochote. Mikumi, mji uliopata jina lake kwa ile miti mirefu ya mikumi, na unaojulikana ulimwenguni kwa hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, umekaa kandokando ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia, na tabu yake si ya mto mkubwa mmoja kama Kilosa. Tabu yake ni ya maji ya mteremko, yanayokusanywa na barabara, yakapitishwa katika makalavati, na kutokea upande wa pili kwa nguvu yaliyopewa na mkusanyiko huo. Kiwanja kilichokuwa salama kabla ya kalavati huwa njia ya maji baada yake. Fundi yule alikuwa akitayarisha kiwanja cha namna hiyo, naye kabla ya kugusa sururu alichukua mpira mwangavu wa maji, ule mwembamba kama kidole, akaujaza maji, akampa kijana wake ncha moja aishike penye alama ya tope iliyoachwa na masika katika ukuta wa jirani, naye akaenda na ncha ya pili mpaka kwenye vigingi vya msingi alivyovipigilia. Wote wawili wakangoja. Maji yakapanda, yakashuka, yakatulia. Na kwa kuwa maji yaliyotulia katika mpira mmoja hukaa usawa mmoja kwenye ncha zake zote mbili, pale yalipotulia upande wa fundi ndipo palipokuwa kimo cha mafuriko ndani ya kiwanja kipya. Akapachora kwa kalamu ya risasi kwenye kigingi, kisha akapima juu yake shibiri mbili, akachora tena, akasema: "Jamvi halishuki chini ya hapa."

Hiyo ndiyo hoja yangu yote kwa ufupi. Kifaa cha kupimia tunacho, na kila fundi mwashi anacho mkobani mwake; tulichokikosa ni alama ya kuanzia, na ada ya kuiulizia. Kwa sababu alama iliyomo katika ukuta wa mzee wa Kilosa itakufa siku ukuta huo utakapoanguka, na alama ya jirani wa Mikumi itafutwa na mpaka rangi wa kwanza, na hapo mpira wa maji wa fundi utakuwa na ncha moja tu.

Alama ikishajulikana, kazi inayofuata haihitaji hazina ya taifa. Udongo wa juu uondolewe, mpaka ifikiwe ardhi iliyoshikana. Na penye ule udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi hata mtu akaingiza mkono katika ufa wake, ama kiwanja kiachwe ama udongo huo uchimbwe na kutolewa, kwani nyumba juu yake hainusuriki hata mafuriko yasipokuja. Msingi uwe wa mawe mpaka juu ya alama. Kifusi cha moramu kimwagwe kwa tabaka nyembamba, kila tabaka likimwagiwa maji na kushindiliwa kabla ya jingine kuwekwa, si kumwagwa chote kwa siku moja na kuachiwa mvua ishindilie, kwa sababu mvua haishindilii, hutitisha, na jamvi hupasuka pale. Mtaro wa kuyazungusha maji uchimbwe siku ya kwanza, upande wa juu wa kiwanja, kabla ya msingi wenyewe, na upelekwe kwenye njia ya maji ya mtaa, wala usielekezwe kwa jirani, maana mwenye kuokoa nyumba yake kwa kuizamisha ya mwenziwe hakujenga, amehamisha msiba.

Tena liko jambo la majira, ambalo kwa wilaya hii lataka uangalifu wa pekee, kwa kuwa Mamlaka ya Hali ya Hewa huitenga kaskazini ya Morogoro, yenye vuli na masika, na kusini yake, yenye msimu mmoja mrefu kuanzia Novemba mpaka Aprili, na Kilosa na Mikumi ziko mahali ambapo tabia hizo mbili hukutana. Mwenye busara huanza msingi Juni, masika yakiisha, na hufanya hesabu ya fedha yake kwa namna ya kufikia kupaua kabla ya Novemba. Na kama fedha haitoshi kufika paani, ni heri asimame penye msingi uliokamilika kuliko kusimama na kuta nne zisizo na linta, kwani ukuta mrefu usiofungwa juu ni mnyonge mbele ya upepo, na asubuhi ya baada ya dhoruba hukutwa umelala chini wote, pengine juu ya mtu. Ikiwa mvua imemkuta katikati ya kazi, kuta zishikizwe kwa mirunda pande zote mbili. Tofali zipangwe juu ya mbao au mawe na kufunikwa turubai. Saruji isilale sakafuni. Mchanga uzungushiwe mawe. Mashimo ya msingi yasiachwe wazi, kwa kuwa kuta zake huporomoka, na mtoto wa jirani akitumbukia hakuna tofali litakalomrudisha. Na bati ambalo halijapigiliwa lifungwe na kulemezwa, maana katika upepo mkali bati lililolegea ni upanga usio na mshikaji.

Kuhusu paa lenyewe, ambalo huezuliwa kwa upepo katika vijiji vyetu takriban kila mwaka, watu hulaumu wembamba wa bati, na lawama hiyo ina haki kidogo. Lakini mara nyingi bati halikuondoka peke yake, liliondoka na kenchi zake, zima kama kofia, kwa sababu kenchi ziliegeshwa juu ya ukuta kwa misumari miwili badala ya kufungwa kwa chuma kilichozamishwa ndani ya linta. Vipande vichache vya nondo au chuma bapa, vilivyowekwa wakati zege lingali bichi, thamani yake haifiki bei ya bati chache; vikikumbukwa baada ya zege kukauka, haviwekeki tena.

Hapa hatuna budi kulitazama jambo zito bila kulikwepa. Tofali bichi la udongo likikaa majini hurudi kuwa udongo, nami nimeziona nyumba zilizokatika kiunoni namna hiyo. Kwa hiyo tunawahimiza watu wachome tofali. Lakini tanuri la tofali hula magogo, na magogo hutoka milimani, na mlima uliovuliwa magogo ndio unaotuletea mchanga wa kuinua kitako cha mto; basi tunaweza kuchoma tofali la kuikinga nyumba na mafuriko ambayo tofali lenyewe limeyaita. Njia ya kutoka katika mzunguko huo ipo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulifundisha kwa miaka mingi ufyatuaji wa tofali za kufungamana, za udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kukandamizwa kwa mashine ya mkono, zisizohitaji moto. Na huku juu milimani, vijiji kadhaa vya Kilosa, vikisaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania (MJUMITA), vimejifunza kuvuna mkaa kwa mpango, kwa vitalu, huku msitu uliokatwa ukiachwa uchipue. Mashine ya tofali moja kwa kila kata, na mpango wa msitu kwa kila kijiji cha mlimani, vingeifanyia Kilosa mjini kazi ambayo tuta pekee haliwezi.

Najua nitajibiwa, na majibu nimeyasikia kwa masikio yangu. La kwanza ni kwamba maskini hana hiari. Hununua kiwanja cha bondeni kwa kuwa ndicho anachokiweza, na kumwambia ahame bila kumwonyesha mahali ni kumdhihaki. Jibu hili ni la kweli, na yeyote aandikaye habari za ujenzi akalipuuza hana insafu. Wapo waliokaa katika mahema baada ya mwaka 2010 muda mrefu kuliko ambavyo mtu hupaswa kukaa katika hema, na wapo waliorudi bondeni kwa sababu shamba lao, soko lao na kaburi la mzazi wao viko bondeni. Lakini ndiyo maana nasema habari ya kimo. Asiyeweza kuhama anaweza kuinuka. Shibiri mbili za mawe chini ya jamvi, dari ndogo imara ya kuwekea chakula, hati na daftari za watoto, na mlango wa nyuma unaofungukia upande wa mwinuko, hivi si anasa za tajiri. Na halmashauri ikimsaidia maskini lori mbili za mawe wakati wa kiangazi, haitakuwa na haja ya kumpelekea hema wakati wa masika.

Jibu la pili ni la wacha Mungu, wasemao kwamba gharika ni kudura, na kudura haizuiliki kwa moramu. Nami naamini kudura kama waiaminivyo. Lakini Nabii Nuhu, ambaye habari zake wanazisoma Waislamu na Wakristo kadhalika, aliamriwa kuunda safina ardhi ikiwa ingali kavu, watu wakampita wakimcheka, naye hakuona kwamba kupiga msumari ni kukosa imani. Aliyemwamini Mola wake zaidi ndiye aliyejitayarisha zaidi.

Sasa ni haki kuwaambia wenye mamlaka lililo lao. Nchi inayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, inayo Mamlaka ya Hali ya Hewa itoayo tahadhari zake kwa wakati, inayo Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu yenye makao Morogoro, na inayo ofisi za ardhi na mipango miji wilayani. Vyote hivi ni viungo vya mwili mmoja, lakini mwenye kiwanja husimama mbele ya kila kimoja peke yake. Naiomba Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa jambo dogo, la kutendeka ndani ya kiangazi kimoja: isimamishe nguzo za zege katika kila mtaa wa Kilosa mjini na katika miji midogo ya Dumila, Magole, Kimamba na Mikumi, na juu ya kila nguzo uchorwe kwa rangi isiyofutika mstari wa kimo cha maji makubwa yaliyowahi kufika hapo, na mwaka wake kwa tarakimu. Nguzo moja haitoshi mji mzima, kwa kuwa maji ya mto hayalali kama maji ya bilauri, hushuka kwa kufuata mto. Ndiyo maana nasema kila mtaa. Wazee waitwe, kila mmoja aonyeshe alama ya nyumbani kwake, wapimaji wahakikishe. Kisha kibali cha ujenzi kisitolewe mpaka kimo cha jamvi kiandikwe ndani yake kwa kulinganishwa na nguzo, na afisa aje kukitazama kabla zege halijamwagwa, wala asije baada ya paa kupandishwa akiwa na rangi nyekundu ya kuandika amri ya kubomoa.

Na wala tusidhani kwamba kumpisha mto ni tabia ya wanyonge. Uholanzi, nchi ambayo sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari, na ambayo watu wake wamejenga matuta kwa karne nyingi, iliona mito yake ikifurika mwaka 1993, na mwaka 1995 ikalazimika kuwahamisha watu wapatao 250,000; na baada ya hayo haikutosheka na kuinua matuta peke yake, iliyarudisha nyuma mengine, ikachimba njia za pembeni, ikalipa baadhi ya wakulima wahame, ili mto upate nafasi yake. Huko nako, baadhi ya waliotaka kubaki waliinuliwa, wakajengewa vilima vya udongo na nyumba zao zikawekwa juu yake. Mholanzi mwenye fedha na Mkilosa mwenye sururu wamefika mahali pamoja: mto una njia, na njia ina kimo.

Nilipoagana na mzee yule jioni, mjukuu wake wa kiume, kijana wa miaka kama 20, alikuwa amesimama mlangoni akinisindikiza kwa adabu. Aliniambia kwamba amepewa na babu yake kipande cha uwanja upande wa nyuma, na kwamba ameanza kukusanya mawe kidogo kidogo. Nikamwuliza msingi wake atauinua kiasi gani. Hakunijibu kwa maneno. Aliingia ndani, akasimama mbele ya ule ukuta usiopakwa chokaa, akauweka mkono wake juu ya mstari wa tope, kisha akaupandisha shibiri moja, na nyingine.